Fundi wa Mizani na Jina la Gunia Moja

Moffat Mwai hakuamini mizani ambayo hajaifungua kwa mkono wake, na kwa kuwa riziki yake ilitoka humo humo, hakuna aliyeweza kumlaumu. Kwa miaka thelathini na minane alizunguka miji ya Mlima Kenya na pikapu yake, kutoka Nyeri hadi Kianyaga na kurudi, akitengeneza mizani za viwanda vya kahawa, za vituo vya kununulia chai, za bucha na za posho mill, vinu vya kusaga unga. Mkulima alimwona mkombozi, karani alimwona mpelelezi, na yeye Moffat aliwaona wote wawili kuwa watu wa kuangaliwa vidole. Aliwahi kukuta sumaku chini ya mizani ya shemasi. Tangu siku hiyo, wakati wa maombi kanisani alifumba jicho moja tu.

Tabia ya kukusanya majina ya vituo, vijiji vya maduka kando ya njia, aliiokota barabarani. Fundi akimaliza kazi huletewa chai, na chai ya ugenini hainyweki kimya kimya, kwa hiyo Moffat alikuwa na swali lake la siku zote: hapa paliitwa hivi kwa sababu gani, na aliyepaita ni nani? Majibu aliyaandika kwenye daftari la shule aliloliweka chini ya kiti cha pikapu, kila kituo na ukurasa wake. Pale Ngoja Kidogo, kijiji cha maduka saba upande wa Mukurweini, alipewa visa vitatu na wazee watatu waliokaa benchi moja. Aliviandika vyote, na pembeni akaweka alama zake: wa kwanza anadanganya, wa pili anadanganya kidogo, wa tatu alikuwa akitetea ploti yake.

Watu walimcheka, lakini mzee alikuwa na kanuni, na kanuni yenyewe haikuwa ya kijinga. Alisema asili ya jina ikiwa ya kweli, watu huigombania. Huyu atasema ilikuwa mvua, yule atasema ilikuwa kiangazi, mwingine ataapa kwamba babu yake ndiye aliyekuwa hapo na hawa wote hawakuwa wamezaliwa. Kelele hizo ndizo zilizompa Moffat imani. Alichokiogopa ni pale ambapo hakuna anayebisha.

Sasa, Moffat alikuwa na binti mmoja, Njoki, mwenye miaka thelathini na mmoja na duka la dawa za mifugo pale Karatina. Msichana mtulivu, mwenye macho ya babu yake na mdomo wa kuchagua maneno. Njoki alipata mchumba, kijana aitwaye Griffins, mkulima wa nyanya na chai. Griffins alikuja Nyeri kujitambulisha, akala vizuri, akajibu vizuri, na Moffat alipomuuliza nyumbani kwao ni wapi, akasema juu ya Kianyaga, mahali panaitwa Gunia Moja.

Moffat akaweka kikombe chini. Katika miaka yote hiyo hakuwahi kukisikia kituo hicho.

Kwetu binti haolewi hivi hivi. Kabla wazee hawajaketi kwa ruracio kuongea mambo ya mahari, kila upande huutazama upande wa pili: je, ni watu wa namna gani, kuna damu ya mtu huko, kuna kiapo, kuna ugonjwa wa siri? Hufanywa kwa adabu, kwa kumtuma shangazi au kumuuliza mtu wa kanisa. Moffat hakumtuma mtu. Alipakia vyuma vyake na mawe ya kupimia, akaelekea Gunia Moja kutafuta mizani mbovu.

Bahati ikamwangukia. Mutahi, mwenye posho mill, mizani yake ilikuwa inavuta upande mmoja. Moffat akaifungua, akairekebisha, chai ikaja, swali likafuata. Mutahi akamweleza bila kusita kwamba zamani, mwaka wa njaa, mtu mmoja aliuza gunia moja la viazi akanunua ploti ya kwanza hapo. Gunia lilikuwa na kiraka chekundu. Ilikuwa siku ya Ijumaa.

Kisa kizuri, Moffat akafikiri, akakiandika. Akavuka barabara hadi kwa mama anayeuza chapati na kumuuliza vilevile. Viazi, kiraka chekundu, Ijumaa. Akamuuliza kijana wa boda boda, barobaro ambaye ungemuuliza alikula nini jana angehitaji muda wa kufikiri. Viazi, kiraka chekundu, Ijumaa.

Hapo Moffat akalifunga daftari. Watu wa vituo vyote vya mlimani walibishana, ila hawa tu walikuwa wakiimba wimbo mmoja. Hawa wamekubaliana, na watu hawakubaliani kuhusu viazi. Aliendesha gari kurudi Nyeri akijaza mwenyewe yaliyofichwa: labda ploti hiyo ilinyang'anywa mjane. Labda ndani ya gunia hakukuwa na viazi bali mtu. Lisemwalo lipo, alijiambia, ingawa kwa kweli hakuna aliyekuwa amesema lolote ila yeye.

Tangu siku hiyo Griffins hakuwa na raha. Akinywa chai bila sukari, Moffat aliuliza moyoni anaogopa nini. Akigeuza gari lake likaangalia barabara, ni mtu wa kukimbia. Akinyamaza anaficha, akiongea anafunika. Siku ya ruracio ilipopangwa, Moffat aliahirisha akisingizia goti la mkewe, Wangui, na goti la Wangui lilikuwa zima kuliko lake. Siku ya pili ilipopangwa, akasema mzee wao mmoja amesafiri. Mzee mwenyewe alionekana sokoni Jumanne hiyo hiyo akinunua kabichi.

Wangui alimwambia ukimchunguza sana bata hutamla. Moffat akajibu kwamba yeye hali bata.

Njoki hakujibu kwa methali. Alikuja Nyeri Jumapili moja baada ya kanisa, akakaa kwenye kiti cha mbele ya baba yake, akaongea polepole.

"Daddy, ukisongeza hiyo siku tena, mimi nitaenda kwa Griffins bila nyinyi. Na sitakuja kuomba msamaha."

Moffat alimuuliza kama anajua kwa nini huko kwa Griffins panaitwa Gunia Moja. Njoki akamtazama, akafungua mdomo, halafu akaufunga. Akachukua mkoba wake akaondoka. Mzee akaona kwamba hata binti yake ameshalishwa kiapo cha viazi, na akaingiwa na hofu ya kweli, maana huyu ndiye mtoto pekee aliyejaliwa na alikuwa anampoteza mbele ya macho yake. Akaapa kwamba kabla ya wiki kwisha atajua.

Alhamisi, Mutahi akapiga simu. Mizani ya posho mill imeharibika tena, fundi aje. Moffat alifika saa nne asubuhi, akakuta springi imelegea mahali ambapo springi hailegei yenyewe, lakini akili yake ilikuwa mbali na hakulichunguza jambo hilo. Alipomaliza, Mutahi alimwambia kuna mama mzee huko juu, Watiri, naye ana mizani ya kupima maziwa anayotaka itazamwe. Ni nyanya yake Griffins, akaongeza.

Moffat alipanda mlima huo roho ikiwa juu. Hatimaye anaingia ndani ya nyumba yenyewe.

Watiri alikuwa na miaka themanini na moja, mwembamba, amejifunga leso kichwani na sweta mbili juu ya nguo. Alimkaribisha sebuleni, akampa uji, akamletea mizani ndogo ya kuning'iniza. Moffat aliitundika, akaweka jiwe la kilo mbili, akaweka la kilo tano. Mshale ulisimama pale pale unapotakiwa.

"Mama, hii mizani haina shida yoyote," akasema.

"Najua," Watiri akajibu. "Hata ya Mutahi leo haikuwa na shida. Ameilegeza na bisibisi ndio upate sababu ya kurudi."

Fundi wa miaka thelathini na minane akahisi masikio yakipata moto. Watiri hakumcheka. Alimweleza kwamba kituo kizima kilijua tangu siku ya kwanza kuwa baba yake Njoki anazunguka akiuliza jina, na kwamba yeye Watiri ndiye aliyewakataza watu kumwambia kitu, kwa sababu kitu chenyewe si cha kuambiwa mtu akiwa amesimama dukani. Sasa ameketi, kwa hiyo atamwambia.

Akasimulia bila haraka, mikono juu ya magoti. Ulikuwa wakati wa Emajensi, Waingereza wakiwasaka Mau Mau, yeye akiwa na miaka kumi. Watu walikuwa wamehamishwa mashambani wakafungiwa kijiji kimoja chenye handaki na miiba pande zote. Siku moja askari waliwatoa wanaume wote uwanjani, pale ilipo posho mill leo, wakawapanga mstari. Lori likaja. Akashushwa mtu aliyevikwa gunia kutoka kichwani hadi magotini, matobo mawili ya macho. Wanaume walipitishwa mbele yake mmoja mmoja. Gunia likitikisa kichwa hivi, mtu anaenda nyumbani. Likiinama hivi, mtu anapandishwa lori. Siku hiyo liliinama mara kumi na moja.

"Saba walirudi," Watiri akasema. "Baba yangu alikuwa katika wale wanne."

Moffat alimpa pole, na pole hiyo ilitoka moyoni. Lakini mwacha asili ni mtumwa, na asili ya Moffat ilikuwa shaka. Hata akiwa anasikitika, alikuwa tayari anapekua: kama jambo hili linafichwa na kituo kizima, basi mwenye gunia ni mtu wao, na kama ni mtu wao, huenda ni babu yake Griffins kwa upande wa pili. Akauliza taratibu kama mtu huyo aliwahi kujulikana.

Watiri akasema alijulikana siku hiyo hiyo. Wale saba waliporudi kutoka kizuizini, mwishoni mwa miaka ya hamsini, walikaa kikao. Wengine walitaka mahali pale paitwe kwa jina la mtu huyo, ili aibu yake isife. Mzee mmoja, mwenye meno ya mbele yaliyotolewa na askari, akakataa. Alisema wote walisikia yule mtu akilia ndani ya gunia, na kabla ya kushushwa walikuwa wamesikia akipigwa ndani ya lori. Basi wakakubaliana: mahali patachukua jina la gunia, na mtu ataachiwa jina lake. Mgeni akiuliza, ataambiwa viazi. Kiraka chekundu aliongeza mama yake Watiri, ili watoto wasisahau kisa wakikisimulia.

"Na huyo mtu, Mama?"

"Alikuwa mtu wa mawe. Alikuja kutujengea kanisa mwaka mmoja kabla ya hayo. Mimi ndio nilikuwa nampelekea uji kila saa nne, na alikuwa anavua viatu akikunywa. Kidole chake kidogo ya mguu wa kushoto kililalia hiki kingine. Hiyo gunia ilifika kwa magoti, Baba Njoki. Miguu tuliona. Alitoka upande wa Nyeri. Alikuwa anaitwa Mwai."

Kidole hicho Moffat alikijua. Alikivalisha soksi kwa mkono wake mwenyewe miaka minane iliyopita, siku ya kumtoa baba yake mochari. Alijua baba alikuwa mwashi ujanani, alijua aliwahi kuzuiliwa wakati wa Emajensi, na nyumbani kwao neno hilo lilikuwa la fahari: mzee alizuiliwa, mzee aliteswa, mzee ni shujaa. Aliyazungumza hayo mwenyewe mbele ya kaburi, watu wakapiga makofi.

"Watu wenye kidole kama hicho ni wengi," akasema hatimaye, na sauti yake ilikuwa ya yule shemasi aliyekutwa na sumaku.

Watiri akamwacha aseme. Kisha akamwambia kwamba si kwa kidole tu anajua. Griffins alipolitaja jina la msichana mara ya kwanza, Njoki wa Moffat wa Mwai wa Nyeri, yeye alikataa uchumba huo. Alikataa mwaka mzima, bila kumwambia kijana sababu. Halafu siku moja msichana mwenyewe alikuja peke yake, akiwa na paketi mbili za majani ya chai, akaketi kwenye kiti hicho hicho alichokalia Moffat. Akasema kabla hajaingia katika nyumba hii kuna jambo la babu yake ambalo lazima lisemwe. Akalisema lote, mpaka idadi ya waliopandishwa lori. Watiri alikuwa amejiandaa kumuuliza na hakupata nafasi ya kuuliza.

Moffat akainua kichwa. Hapo ndipo palipomchoma kuliko kidole, kuliko gunia.

"Njoki aliambiwa na nani?"

"Na babu yake. Si msichana ndiye alikuwa anamlisha mzee akiwa mgonjwa?"

"Mimi ni mtoto wake. Kila jioni nilikuwa hapo. Mbona mimi hakuniambia?"

Watiri alitazama mlango, kama mtu anayetafuta njia ya kutosema. Lakini alikuwa ameshaanza, na yeye si mtu wa kuacha kazi katikati.

"Nilimuuliza msichana hivyo hivyo. Akasema babu alimwambia: Moffat akijua, ataanza kunipima. Na mimi nimepimwa ya kutosha."

Uji ulikuwa umepoa. Moffat aliunywa wote kwa mkupuo mmoja, kwa kuwa hakujua afanye nini na mikono yake. Alikuwa ametumia miezi mitano akitafuta uoza katika nyumba ya watu, na nyumba hiyo ilikuwa imekaa kimya ikijua ya kwake, ikimhifadhia baba yake jina. Aliona aibu, aibu ya kutaka sakafu ifunguke. Akataka kuomba msamaha na hakujua aanzie wapi: kwa ajili ya kumi na mmoja, au wanne, au mizani ya Mutahi. Mwishowe akauliza kama wazee wa Gunia Moja bado wana nia ya kuja Nyeri.

Watiri akasema wamekuwa na nia tangu mwezi wa tano, ni goti la mama Njoki lililokuwa linawazuia. Na kwa mara ya kwanza akatabasamu.

Moffat aliteremka mlima, akapita Kutus na Kerugoya bila kusimama, bila kuangalia kibao hata kimoja. Daftari lilikuwa chini ya kiti na hakuligusa. Mara mbili alijikuta akitunga maswali ya kumuuliza Njoki: babu alisema lini, kwa maneno gani, alikuwa na homa, una hakika hakuchanganyikiwa? Mara mbili akayatupa. Njia nzima alisikia sauti ya baba yake ikisema atanipima, na kila alipojaribu kuikanusha alikumbuka jioni zile za ugonjwa. Alikuwa akiingia chumbani na kumuuliza mzee kama amekunywa dawa, amekunywa saa ngapi, nani alimwona akinywa. Kisha alihesabu vidonge.

Alifika Karatina saa kumi na nusu. Njoki alikuwa nyuma ya kaunta akimweleza mteja namna ya kuchanganya dawa ya kuogeshea ng'ombe. Alipomwona baba yake mlangoni uso wake ukakaza, akasema kabla hajasalimiwa kwamba kama amekuja kwa habari ya kuahirisha, hana nafasi leo.

"Waambie waje Jumamosi," Moffat akasema. "Nimetoka kwa nyanya yake Griffins."

Njoki akampa mteja dawa yake na kumsindikiza kwa macho hadi nje. Akauliza kama nyanya amemwambia. Moffat akasema ndiyo. Akauliza kama ni yote. Moffat akasema yote ambayo nyanya anayajua.

Akavuta kiti cha plastiki, akaketi upande wa wateja, kofia mkononi.

"Lakini yeye alimwona kwa nje," akasema. "Nataka ya babu yako. Vile alikuambia."

"Utauliza maswali."

"Sitauliza."

Njoki alisimama akimtazama baba yake kwa muda mrefu, akipima kama ni mtu wa kuambiwa, na Moffat akakaa pale kitini akangoja.